Kufufua Land Rover ya zamani: kazi iliyo chini ya rangi

Jumamosi mbili zilizopita, katika kipindi cha asubuhi, nilitaja kwa kupita tu kwamba vidole vyangu vimejaa rangi ya kijani kwa sababu namsaidia rafiki yangu kufufua Land Rover ya baba yake. Sikutegemea kilichofuata. Ujumbe uliingia mpaka simu ya studio ikaisha chaji. Kumbe kila kijiji kina Land Rover yake iliyolala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na mwenye nayo anajiuliza aiuze kwa kilo au aihangaikie. Dakika za hewani hazikutosha, kwa hiyo majibu nayaweka hapa. Mimi si fundi. Mengi nimeyapata kwa mzee mmoja aliyepiga rangi magari zaidi ya miaka 30, sisi tunamwita Babu, na mengine nimeyapata kwa kukosea.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, ya mwaka 1977. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kama sentimita 277. Ile fupi ni 88. Baba wa rafiki yangu aliitumia barabara ya Babati kwenda Mbulu, akipanda na bidhaa za duka na kushuka na vitunguu swaumu, na abiria juu ya vitunguu. Iliposimama, haikuamka tena kwa miaka 14. Mwaka jana mnunuzi wa chuma chakavu alikuja na mizani yake, na kaka wawili wa rafiki yangu walikuwa tayari kupokea pesa. Kikao cha familia kikampa muda hadi mavuno: likitembea, libaki, lisipotembea, liende na mizani.

Kwa nini lisiliwe lote na kutu

Wengi mliuliza kwa nini gari la miaka hiyo bodi yake bado nzima wakati pikapu za juzi tu zimetoboka. Jibu ni historia ya Uingereza. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma, chuma kilikuwa adimu na serikali ilikigawa kwa kipimo. Kampuni ya Rover ikaamua kutengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa mchanganyiko wa alumini, ambayo ilipatikana kwa urahisi zaidi. Lililoanza kama shida likawa sifa, na mtindo huo ukaendelea hadi Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985.

Lakini alumini ni nguo tu. Mifupa ni chuma. Chasisi ni chuma, ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma, na fremu za milango ni chuma chini ya ngozi ya alumini. Hapo ndipo wanunuzi wanapodanganyika. Unaona bodi haina hata doa la kutu, unalipa, kumbe chini yako chasisi imebaki kama biskuti. Chasisi ile ni boksi lililo wazi ndani. Matope yanaingia, yanakaa na unyevu, na chuma kinaliwa kuanzia ndani kuja nje. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya bubu, na wakati mwingine nyundo inazama. Ya kwetu ilizama sehemu tatu.

Na pale alumini inapogusana na chuma, maji yakiingia kati yao, ni alumini inayoumia. Haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe kama chumvi, na rangi inavimba juu yake mapovu mapovu. Ukiona mapovu hayo kwenye kingo za milango, usipake juu. Chini yake kuna vita.

Kuchomelea kwanza

Rangi ni ya mwisho. Hili Babu alilisema siku ya kwanza kabla hata hajakaa, na tukamwona mkorofi kwa sababu rafiki yangu alikuwa ameshanunua makopo. Chasisi ichomelewe kwanza. Betri itolewe, tangi la mafuta litolewe kabisa kwenye gari na kuwekwa mbali, hata kama unaamini ni tupu. Tangi lililobaki na mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa. Kiraka kichomelewe kwenye chuma kizima, si kwenye kutu, maana yake kata hadi ufikie chuma kinachong'aa, hata kama shimo la kiganja litakuwa shimo la sahani.

Breki nazo zina onyo lake. Magari ya umri huo mara nyingi yalifungwa breki zenye asbesto. Lile vumbi jeusi ndani ya ngoma ya breki usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kifunge kwenye mfuko na ukitupe. Nyuzi za asbesto zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi, wakati mtu ameshasahau kwamba aliwahi kufungua breki.

Kuhusu injini sina la kueleza sana. Ni petroli ya lita mbili na robo, rahisi, na fundi wa kijijini aliifungua na kuifunga ndani ya siku nne. Msikilizaji mmoja aliuliza kama tutatia injini kubwa na kulifanya kama magari ya Wamarekani kwenye filamu. Yale yanaitwa hot rod. Vijana wa California tangu miaka ya 1930 walichukua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi na bampa kupunguza uzito, wakaipa injini nguvu zaidi, kisha wakaenda kushindanisha mwendo kwenye maziwa yaliyokauka. Ford ya mwaka 1932 yenye injini ya V8 hadi leo inapendwa sana kwa kazi hiyo. Nilimjibu kwamba sisi tunataka lipande Mbulu na gunia kumi.

Kwa nini rangi inabanduka kwenye alumini

Sasa rangi, ambayo ndiyo mliyoiuliza zaidi. Alumini ikiguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba sana usiyoiona kwa macho. Ngozi hiyo inailinda, lakini rangi ya kawaida haiishiki vizuri. Ndiyo maana Land Rover nyingi zilizopakwa upya zinabanduka kama ndizi baada ya masika mawili. Dawa yake ni praima maalumu yenye tindikali kidogo, inayouma alumini na kupata pa kujishikiza. Dukani ulizia praima ya alumini, na soma kopo, maana wauzaji wengine wanakupa ya chuma na kuapa kwamba ni ileile.

Kabla ya praima, kwangua kwa msasa, si kwa brashi ya waya wa chuma. Waya unaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na umeshaona chuma na alumini vikikutana panatokea nini. Grainda pia iache. Alumini ni laini, unageuka kusalimia mtu na tayari umechimba bonde. Ukimaliza kukwangua, futa mafuta yote kwa thina na kitambaa safi, na usiguse tena kwa mkono mtupu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hapa. Tulipiga praima ya tindikali mlango mzima, tukafurahi, kisha tukajaza mabonde kwa puti juu yake. Baada ya siku tatu puti ikatoka nzima kama ukoko wa ugali. Babu alicheka hadi akashika ukuta. Tindikali na puti havikai pamoja. Puti ikae juu ya bati tupu lililokwanguliwa kwa msasa wa namba 80, isuguliwe, ndipo praima ifuate. Kisha unashuka kwa msasa laini: 180, 320, na wa maji wa 400 kabla ya rangi yenyewe. Kazi ya kusugua ilituchukua wiki tano. Rangi ilichukua siku mbili.

Rangi ya zamani iliyoko juu ya gari usiisugue kavu. Rangi za miaka hiyo nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake linadhuru hasa ubongo wa mtoto. Sugua kwa maji, tandika turubai chini, watoto wasichezee hapo, na nguo zako zisifuliwe pamoja na zao.

Usiku nilioishiwa pumzi

Hili nililitaja hewani kwa mzaha, na si mzaha. Duka moja la rangi lilituuzia rangi ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na hadina, kwa maneno kwamba inang'aa na haipauki. Ni kweli. Tulikodi kompresa na bunduki ya kupulizia, tukajifungia kwenye banda ili vumbi lisiingie, mimi nikavaa barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu wakati wa korona. Tukapuliza boneti tu, kwa saa moja. Usiku ule kifua kikabana, pumzi ikawa inapiga mluzi. Asubuhi sauti haikutoka, na mwenzangu akasoma kipindi changu chote. Sauti ndiyo jembe langu, kwa hiyo niliogopa kuliko ninavyoweza kuandika.

Kwenye zahanati tabibu aliuliza swali moja tu: mlikuwa mnapuliza nini? Nyingi ya hadina hizo zina kemikali zinazoitwa isosayaneti. Zikipulizwa zinakuwa ukungu unaoingia hadi chini ya mapafu, na zinaweza kumletea mtu mzima pumu ambayo hakuzaliwa nayo. Mwili ukishazikataa mara moja, kiasi kidogo sana baadaye kinatosha kumwangusha mtu. Na pua haikuonyi, kwa sababu harufu unayoisikia ni ya thina. Kitambaa hakizuii chochote. Kazi hiyo inahitaji kofia ya kufunika uso inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba, na nguo inayofunika ngozi. Gereji zetu nyingi hazina kitu hicho.

Nilipompelekea Babu habari, baada ya shikamoo na marahaba alinyamaza. Halafu akasema, “Mwanangu, mimi hiki kikohozi nimekiita uzee miaka yote.” Aliniambia vijana aliowafundisha hunywa maziwa baada ya kupuliza ili kuosha kifua. Wengi mmeniandikia hivyohivyo. Maziwa yanakwenda tumboni. Kifuani hayafiki, na hayaoshi kitu. Kama unapiga rangi na unakohoa usiku, au kifua kinabana siku za kazi na kuachia siku za mapumziko, nenda kituo cha afya na umweleze tabibu kazi unayofanya. Asipouliza, mwambie.

Tulichofanya baada ya hapo

Tulirudisha hadina. Gari la kubeba vitunguu halihitaji kung'aa kama kioo. Tukanunua rangi ya mafuta ya kawaida, isiyochanganywa na hadina, tukaipaka nje chini ya mwembe, nyingi kwa brashi pana na rola ndogo ya sponji. Mvuke wa thina bado una madhara, unaleta kizunguzungu na kichwa kuuma, kwa hiyo nilivaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya kaboni na nikakaa upande upepo unakotoka. Hakuna sigara wala jiko la mkaa karibu. Tulipaka asubuhi umande ukishakauka na upepo haujaanza, baada ya kumwagia maji ardhi ili vumbi litulie. Jioni usijaribu. Tulijaribu mara moja, na mpaka leo ubavu wa kushoto una kumbikumbi wawili waliozikwa humo.

Rangi yenyewe tuliitafuta chini ya boksi la kiti, mahali jua halijawahi kufika. Tulipokwangua tabaka la bluu na la njano, tukaikuta kijani ileile aliyonunua nayo mzee. Hii ilitupunguzia safari moja. Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi yake ya usajili, na ukiibadilisha unapaswa kupeleka taarifa TRA ili kadi irekebishwe, la sivyo askari wa barabarani atakuwa na haki ya kukuuliza gari hili umelitoa wapi. Yetu imerudi kwenye ile iliyoandikwa.

Mavuno yamekaribia na gari linatembea. Mlango wa nyuma haujapakwa kwa sababu rangi iliisha, na boneti, ile tuliyoipuliza banda limefungwa, inang'aa kuliko gari zima. Rafiki yangu anataka kuiacha hivyo. Mimi nimeshamwambia kwamba Jumamosi nakuja na msasa wa maji.