Operesheni Nguvu Kazi

Operesheni Nguvu Kazi ilikuwa kampeni ya serikali ya Tanzania ya kuwahamishia mashambani wakazi wa mijini waliohesabiwa kuwa hawana kazi. Ilianza mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka huo.

Mahubiri ya kurudi shambani yalikuwa ya siku nyingi. Azimio la Arusha (1967) lilitukuza kilimo. Chama tawala, TANU, kikatangaza “Siasa ni Kilimo” mjini Iringa mwaka 1972. Na Gezaulole, upande wa Kigamboni, kikawa kijiji cha ujamaa kilichopokea watu kutoka jijini Dar es Salaam.

Dar es Salaam kaulimbiu hazikutosha, ikafuata misako. Wachuuzi na vijana wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini au kwenye mashamba makubwa. Wengi walirudi.

Sheria hiyohiyo ya 1983 ilizaa leseni ya Nguvu Kazi, iliyohalalisha biashara ndogondogo za mitaani, zikiwemo za Kariakoo. Leseni hiyo ilifutwa mwaka 2003.