Pijo la babu: raha au mali?

Leo naomba niache siasa kidogo, nizungumzie gari. Gari lenyewe halitembei. Ni Peugeot 404, au Pijo kama tulivyozoea kuliita, ambalo babu yangu alilinunua mwaka 1974 kutoka kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anahama nchi. Kwa miaka 19 sasa limekaa juu ya mawe chini ya mwembe, Korogwe, limefunikwa turubai, na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma.

Miezi miwili iliyopita alifika mgeni kutoka Nairobi, mnunuzi wa magari ya zamani. Akalizunguka mara tatu, akapiga picha, akataja shilingi milioni nne. Kumbuka kwamba kabla yake mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ametoa laki tano, na hiyo tulidhani ni bahati. Nyumba nzima ikagawanyika. Baba mkubwa akasema tuuze leo hii, nyumba ya wazee ipate mabati mapya. Baba mdogo, ambaye ana simu yenye kila kitu, akasema tusiwe wajinga, magari ya zamani duniani sasa ni kitega uchumi, tukisubiri miaka kumi tutauza kwa milioni 40. Babu hakutaka hili wala lile. Alitaka gari liwake.

"Wewe si mwandishi wa habari?" baba mdogo akaniambia. "Tafuta ukweli, utuletee."

Basi nikatafuta. Haya ndiyo niliyoyapata, na nianzie mbali kidogo.

Watu wa kwanza kupenda magari makuukuu hawakuwa na hesabu ya faida hata kidogo. Mwaka 1896 Uingereza ilipitisha sheria iliyoruhusu magari kwenda kasi ya kama kilomita 22 kwa saa badala ya 6 hivi, na wenye magari wakasherehekea kwa kuendesha kutoka London mpaka Brighton. Mwaka 1927 safari ile ikafufuliwa kwa kumbukumbu, na mpaka leo inafanyika kila Novemba, kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1905. Sasa fikiria: mwaka 1927 gari la mwaka 1900 lilikuwa mkweche tu. Hakuna benki ambayo ingelipokea kama dhamana. Wenyewe walitaka kuona kama yatafika, na kuharibika njiani ni sehemu ya sherehe.

Wakati huohuo huko Ufaransa bwana Ettore Bugatti alikuwa anatengeneza gari la wafalme. Aliliita Royale. Urefu zaidi ya mita sita, injini ya lita 12.7. Yalitengenezwa sita tu, na wateja wa nje walinunua matatu. Hakuna mfalme hata mmoja aliyenunua, maana mdororo wa uchumi wa dunia uliwakuta wote. Moja lilipasuka injini kwa baridi huko New York, likatupwa kwa wauza vyuma chakavu. Mhandisi mmoja wa General Motors, Charles Chayne, akalikuta huko miaka ya 1940 na kulinunua kwa kiasi kinachotajwa kuwa dola 400. Leo liko kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford, Michigan. Mengine mawili Mmarekani Briggs Cunningham aliyanunua mwaka 1950 kutoka kwa binti wa Bugatti, na inasimuliwa kwamba sehemu ya malipo ilikuwa majokofu mapya, kwa sababu Ufaransa baada ya vita jokofu lilikuwa shida kupatikana. Moja kati ya hayo mawili likauzwa mnadani London mwaka 1987 kwa pauni milioni 5.5.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Baba mdogo angesikia hiyo habari ya mwisho tu, ya majokofu asingeisikia.

Lakini gari ambalo kila mtu hulitaja kwenye mjadala huu ni Ferrari 250 GTO. Kati ya 1962 na 1964 yalitoka 36, bei Marekani kama dola 18,000, na huuziwi mpaka Enzo Ferrari mwenyewe akukubali. Mashindano yalipokwenda mbele yakabaki kuwa magari ya mbio yaliyopitwa na wakati: yana kelele, yana joto, hayana hata pa kuweka mzigo. Mwenye nalo mmoja huko Texas alilitoa zawadi kwa shule ya sekondari, wanafunzi wajifunzie ufundi! Mwaka 1972 shule ikaliuza kwa dola 6,500 kwa mtu wa Ohio, naye akaliacha juu ya trela uwanjani, mvua yake, theluji yake, kwa zaidi ya miaka kumi. Novemba 2023 GTO jingine liliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 51.7. Kwa hela yetu ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 120.

Hapo baba mdogo angeruka juu. Ila kuna mambo mawili ambayo wanaosimulia bei hizi huyaruka. La kwanza, njia haikuwa ya kupanda tu. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988, watu ambao hawajawahi kushika spana walianza kununua magari yake kama wanavyonunua hisa, wengine kwa mikopo. GTO zikavuka dola milioni 10. Kisha uchumi ukayumba, Wajapani waliokuwa wanunuzi wakubwa wakakwama, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 gari lilelile lilipatikana kwa chini ya milioni 4. Aliyekuwa amenunua kwa mkopo sijui alilala vipi.

La pili ni aina ya watu waliofaidika kweli. Nick Mason, mpiga ngoma wa bendi ya Pink Floyd, alinunua GTO yake mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa pauni elfu thelathini na kitu. Marafiki wangeweza kumwona kichaa, maana hiyo ni bei ya nyumba nzuri wakati ule. Ameliendesha mbioni miaka yote, na familia yake imeliendesha pia. Au chukua Mercedes 300 SLR ya mwaka 1955, iliyouzwa Mei 2022 kwa euro milioni 135, gari la bei kubwa kuliko yote yaliyowahi kuuzwa hadharani. Yalitengenezwa mawili tu, na Rudolf Uhlenhaut, mhandisi aliyeyabuni, alikuwa analitumia moja kwendea kazini. Kwendea kazini!

Serikali ya Uingereza nayo ina msimamo wake. Ukiuza kwa faida mchoro au kiwanja unaweza kudaiwa kodi ya faida ya mtaji, lakini gari dogo la abiria limesamehewa. Si kwa upendo. Kawaida ya gari ni kupungua thamani, na serikali ikikubali kukutoza faida, kesho utailetea hasara zako uombe nafuu. Mamlaka ya kodi, ambayo haijawahi kuikimbia hela, imetazama magari yote na kuona humo kuna hasara nyingi kuliko faida.

Mpaka hapo nilikuwa tayari na jibu la kumpelekea baba mdogo. Kisha nikapiga simu Nairobi kumuuliza yule mnunuzi kwa nini alitaka hasa 404.

Akanikumbusha Safari. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawa yanafanyika wakati wa Pasaka, katikati ya matope ya masika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika saba tena. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na msomaji ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati yake, 1966 na 1967, walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, ndani ya 404 pia. Shankland ni Mskoti aliyekuwa akiishi hapa kwetu Tanzania. Babu anadai aliyaona magari hayo Mombo, yamejaa tope mpaka kwenye vioo, na kwamba siku ile ndiyo aliapa atanunua Pijo. Kwa hiyo 404 ina jina Afrika Mashariki, na Nairobi wapo wanaoyatengeneza upya na kuyapeleka kwenye maonyesho ya kila mwaka pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yaliyoanza mwaka 1970.

"Ila," akasema yule bwana, "injini ni yake?"

Nikanyamaza. Injini si yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 spea zilikuwa hazipatikani, sukari haipatikani, mafuta ya foleni, na Jumapili ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi kuanzia saa nane mchana. Injini ya Pijo ilipokufa, fundi mmoja wa Tanga alifunga ya Toyota. Ilibidi akate na kuchomelea mahali pa kuikalisha. Babu anaisimulia kazi ile kama wengine wanavyosimulia upasuaji wa moyo. Mnunuzi alipoisikia akashuka kutoka milioni nne hadi mbili.

Niliudhika, nikarudi kusoma, nikakutana na kesi moja ambayo tangu siku hiyo namsimulia kila mtu. Kuna gari la Bentley linaloitwa Old Number One, lililoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mwaka 1932, likiwa limefungwa injini nyingine kubwa zaidi, lilipata ajali Brooklands na dereva Clive Dunfee akafariki. Likatengenezwa tena kwa umbo jingine. Mwaka 1990 mwenye nalo alikubaliana kuliuza kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akageuka: hili silo, fremu si ile, injini si ile, bodi si ile, mmebaki na jina tu. Wakaenda Mahakama Kuu. Jaji Otton alikubali kwamba vilivyosalia vya gari la Le Mans ni vichache mno. Lakini akaamua kwamba ni lenyewe, kwa sababu halikuwahi kufa na kuzaliwa upya. Lilibadilishwa kidogo kidogo likiwa kazini, historia yake haikukatika, na hakuna gari jingine duniani linaloweza kudai jina hilo. Mnunuzi akatakiwa kulipa.

Unaona mambo hayo? Pauni milioni 10 zilisimama juu ya swali ambalo fundi gereji hawezi kulijibu. Kilichouzwa pale si chuma, ni maisha ambayo gari limeishi. Ferrari lililofungiwa kwenye ghala tangu kiwandani lisingekuwa na Le Mans yoyote ya kusimulia. Wanaonunua leo ili wayafungie wanakula akiba ya raha za watu wengine, na wao hawaongezi kitu.

Pijo letu lina historia isiyokatika tangu 1974, lakini ni historia ya watu wa Korogwe. Lilimpeleka mama yangu hospitali siku niliyozaliwa. Limebeba maiti, limebeba maharusi, limebeba mahindi. Nani Nairobi atalipia hayo? Na fundi niliyempeleka kulitazama alisema breki, matairi, rejeta na waya peke yake ni milioni tatu na nusu, bado kutu ya chini. Kitega uchumi hakipo hapo, nilimwambia baba mdogo waziwazi, na milioni 40 azitafute kwingine.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kutoa ripoti. Nilimsomea babu kesi ya Bentley kutoka kwenye simu, polepole, na akaniomba nirudie sehemu ya hukumu.

"Huyo jaji ana akili," akasema. Akagonga meno yake ya bandia kwa kucha. "Haya si yangu, lakini mimi si ni yuleyule?"

Sote tukacheka isipokuwa bibi. Masika yameanza mapema mwaka huu, na usiku ule alikuwa ameamka mara mbili kusogeza sufuria chini ya matone.

"Mume wangu," akaniambia mimi, kwa utani wake wa siku zote, ila macho yakimtazama babu, "mmekaa mnajadili gari wiki nzima. Gari limefunikwa turubai. Mimi navujiwa."

Hakuna aliyejibu. Kulipopambazuka nikasikia ngazi inaegemezwa ukutani. Babu alikuwa ametoa turubai kwenye Pijo na anamuita baba mkubwa alishike upande wa pili, walitandike juu ya mabati ya jikoni. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Kuku walikuwa wameshahama kiti cha nyuma.