Bei iliyobadilika kazi ikiwa imekwisha fanyika: historia ya Unity na watengenezaji wa michezo

Tarehe 12 mwezi wa tisa mwaka 2023, kampuni ya Unity ilitangaza bei mpya. Kwa muda wa siku chache tu, watengenezaji wa michezo ya video katika nchi nyingi walianza kuuliza swali ambalo hawakuwa wamelipa uzito mbele: kifaa tunachofanyia kazi ni cha nani?

Wale wanaocheza kwenye simu huona mchezo wenyewe: picha, sauti, gari linalokimbia, mtu anayeruka. Chini ya hayo yote kuna programu inayoitwa injini ya mchezo. Ndiyo inayojua namna kitu kinavyoanguka, mwanga unavyopiga ukuta, na kidole kinavyogusa kioo. Studio ndogo ya watu watatu haiwezi kujenga yote hayo toka mwanzo, kwa hiyo inachukua injini ya mwingine na kujenga mchezo wake juu yake. Mchezo ukiisha kutoka, kipande cha injini hiyo kinabaki ndani yake, katika kila simu na kila kompyuta.

Unity ilianzia Copenhagen, nchini Denmark, mwaka 2004. Waanzilishi wake walikuwa watatu: David Helgason, Nicholas Francis na Joachim Ante. Walitoa mchezo wao, GooBall, lakini haukuuzika sana. Wakaona kwamba vifaa walivyojitengenezea vina thamani kuliko mchezo wenyewe, na mwaka 2005 wakaanza kuviuza. Mwaka 2008 injini yao ilianza kufanya kazi kwenye iPhone, wakati ambapo soko la michezo ya simu lilikuwa linafunguka. Mwaka 2009 wakatoa toleo la bure. Wanafunzi, walimu na studio za watu wawili watatu wakaingia kwa wingi. Michezo mikubwa kama Pokémon GO, Among Us na Genshin Impact ilijengwa juu ya Unity.

Mapatano yalikuwa rahisi kueleweka. Aliye mdogo anatumia bure. Akipata mapato makubwa, analipa ada ya mwaka kwa kila mfanyakazi anayetumia injini. Mchezo ukipakuliwa na watu elfu kumi au milioni kumi, ada haibadiliki. Mwaka 2019, baada ya mzozo na kampuni nyingine juu ya masharti, Unity iliahidi pia kwamba mtu anaweza kubaki na masharti ya toleo alilolichukua, hata kama masharti mapya yatatoka baadaye. Juu ya neno hilo, studio zilipanga kazi za miaka mitatu, minne, mitano.

Tangazo la mwaka 2023 lilivunja mapatano hayo. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024, Unity ingetoza ada kwa kila simu au kompyuta mpya ambayo mchezo umewekwa ndani yake. Kwa wenye toleo la bure, ada ingeanza mchezo ukiisha kuingiza dola 200,000 kwa mwaka na kuwekwa mara 200,000. Kutoka hapo, kila simu mpya ingekuwa senti 20 za dola katika nchi tajiri, na senti 2 katika nchi nyingine. Wenye kulipia matoleo makubwa walipewa viwango vya chini zaidi, na hesabu yao ingeanza kwenye dola milioni moja.

Hesabu yenyewe iliwatia watu baridi. Michezo mingi ya simu inatolewa bure, na mapato yanatoka kwa wachezaji wachache wanaonunua vitu ndani yake, au kwa matangazo. Studio iliyoingiza dola 200,000 kwa mwaka, halafu mchezo wake ukawekwa kwenye simu mpya milioni moja za nchi tajiri, ingedaiwa dola 200,000. Yaani mapato yote ya mwaka. Kupendwa na watu kungegeuka kuwa deni. Maswali yakafuata: mtu akifuta mchezo kisha akaurudisha, inahesabika mara mbili? Mwanzoni kampuni ilijibu ndiyo, baadaye ikajirekebisha. Nani atahesabu? Kampuni yenyewe, kwa makisio yake.

Lakini jambo lililouma kuliko yote ni kwamba ada ingegusa hata michezo iliyokuwa sokoni tayari. Kwa jamaa wanaolima kwenye mashamba ya kukodi, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mwenye shamba akipandisha bei kabla ya kupanda, mkulima anaweza kwenda kutafuta kwingine. Akipandisha wakati mahindi yamekwisha kutoa maua, mkulima hana pa kwenda.

Majibu yalikuwa makali. Innersloth, watengenezaji wa Among Us, walisema hadharani kwamba ada hiyo ingewaumiza wao na studio nyingine za saizi zote. Mega Crit, wenye mchezo wa Slay the Spire, walisema hawajawahi kutoa tamko la namna hiyo, na kwamba watahamia injini nyingine mabadiliko hayo yasipofutwa, ingawa kazi nyingi ya mchezo wao mpya ilikuwa imekwisha fanyika. Re-Logic, wenye mchezo wa Terraria, walitoa dola 100,000 kwa Godot na dola 100,000 kwa FNA, miradi miwili ya programu huria.

Tarehe 22 mwezi huohuo, Unity ilirudi nyuma. Wenye toleo la bure hawatatozwa. Michezo ya zamani haitaguswa, ila ile itakayojengwa kwa toleo la mwaka 2024 na kuendelea. Ada haitapita asilimia 2.5 ya mapato, na studio zitatoa hesabu zenyewe. Tarehe 9 mwezi wa kumi, mkurugenzi mkuu John Riccitiello aliacha kazi.

Hata hivyo, kuhama si kubadilisha jina kwenye karatasi. Lugha ya kuandikia programu inaweza kuwa tofauti, picha zinapangwa upya, na wafanyakazi wanaanza kujifunza tena vitu walivyovijua kwa miaka kumi. Studio nyingi zilibaki Unity kwa sababu hazikuwa na pesa za kuhama. Zilizohama zilikuwa na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni Unreal ya kampuni ya Epic, inayotoza asilimia 5 mchezo ukipita dola milioni moja. Ya pili ni Godot, iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2014. Godot haina ada, na msimbo wake uko wazi. Hata waanzilishi wakibadilisha mawazo kesho, toleo ambalo mtu ameshika leo haliwezi kunyang'anywa. Mega Crit walitimiza neno lao: mwezi wa nne 2024 walionyesha Slay the Spire 2, mchezo uliojengwa kwa Godot.

Tarehe 12 mwezi wa tisa 2024, mwaka mmoja kamili baada ya tangazo la kwanza, mkurugenzi mpya Matthew Bromberg alifuta ada hiyo kabisa kwa michezo. Badala yake, ada ya mwaka ya toleo la Pro ilipanda kwa asilimia 8 kuanzia mwanzo wa 2025, na ile ya kampuni kubwa kwa asilimia 25. Ongezeko hilo halikuleta kelele kama ya mwanzo. Lilitangazwa mapema, linajulikana kiasi chake, na mtu anaweza kukataa kabla ya kuanza kazi mpya. Ndiyo maana leo studio inayochagua injini haiulizi bei peke yake. Inauliza pia nani ana uwezo wa kubadilisha bei hiyo, na kama mabadiliko yanaweza kugusa kazi iliyokwisha fanyika.