Makovu ya Luapula: historia ya upofu ambao kisu hakikuuweza

Vijiji vya kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi bonde la Luapula, madaktari walivijua kwa jambo la kuhuzunisha: upofu wa watoto. Mwaka 1967 Awdry, Cobb na Adams waliuandikia makala katika jarida la tiba la Afrika ya Kati. Mwaka 1988, T. Y. Sukwa na wenzake walikuwa bado wanachunguza macho ya watoto wadogo wa bonde hilohilo.

Chakula cha huko ni ugali wa muhogo na samaki. Mtoto akiachishwa kunyonya, mara nyingi hupewa uji wa muhogo mweupe, ambao karibu hauna vitamini A. Kisamvu kinayo, ila bila mafuta mwili hauipati vizuri. Dalili za upungufu wake huanza jua likizama: mtoto anapapasa bakuli lililo mbele yake. Kisha inakuja surua, inamaliza akiba ndogo iliyobaki. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inakauka, inachubuka na kuoza, pengine kwa siku chache tu. Dawa za majani zilizotiwa jichoni zilizidisha madhara. Likipona, jicho linabaki na kovu jeupe.

Kovu hilo haliondoki kirahisi. Eduard Zirm alifaulu kupandikiza konea mwaka 1905, lakini lazima apatikane marehemu wa kuitoa, na mgonjwa afuatiliwe kwa miaka. Hata konea nzima haitaki kuchezewa. Tsutomu Sato wa Japani, katika miaka ya 1940 na 1950, aliwakata konea watu wasioona mbali ili wavue miwani. Miaka mingi baadaye konea za wengi wao zilivimba na kufifia. Leza ya leo ya kurekebisha uoni ni salama zaidi, ila huwaacha baadhi na macho makavu, na wachache konea zao hudhoofika na kuchomoza.

Kwa Luapula, naamini chanjo ya surua, matone ya vitamini A kila miezi 6 na sukari iliyotiwa vitamini hiyo tangu 1998 vimeokoa macho mengi kuliko kisu chochote.

Mzazi wa Nchelenge, na wewe wa Pweto ng'ambo ya ziwa: mwanao akianza kujikwaa jioni, usimtie kitu jichoni. Mpeleke kliniki, na usikose siku ya matone.