Salamanda, msongamano na dawa ya magugu

Salamanda ni mnyama wa jamii ya amfibia kama chura, mwenye umbo la mjusi na ngozi laini yenye unyevu. Hapatikani Afrika kusini mwa Sahara. Katika vijito vya Kentucky, Marekani, aina iitwayo Ambystoma barbouri hutaga mayai majini, ambamo huweza kuingia atrazini, dawa ya kuua magugu inayosombwa na mvua kutoka mashamba ya mahindi.

Viluwiluwi wanaposongamana hugombea chakula na kudumaa. Hivyo, huenda mtu akadhani kwamba dawa ikiua baadhi yao, watakaosalia watanawiri. Utafiti wa Jason Rohr na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2006, ulionyesha kwamba nafuu hiyo haitoshi. Siku 421 baada ya kutengwa na dawa, salamanda waliokulia katika maji yenye atrazini, hata mikrogramu 4 tu kwa lita, walikuwa wamesalia wachache kuliko wale ambao hawakuguswa nayo.

Kwa hivyo, vipimo vinavyokoma dawa inapoondolewa huficha sehemu ya hasara. Umoja wa Ulaya uliikataa atrazini mwaka wa 2004. Marekani ingali inaitumia.