Mahujaji wa Namugongo: Kasubi na Munyonyo zipangwe mbele ya tarehe 3

Karibu kila mwaka waamini wa Butembo na Beni wanavuka mupaka wa Kasindi kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni. Ni pale Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mu mwaka wa 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kwa wengi, programu inaishia pale. Hasara kubwa! Mwanga mwenyewe amezikwa Kasubi, mule mule Kampala, pamoja na wafalme wengine 3 wa Buganda. Nyumba ile ya nyasi iliungua Machi 2010, ikajengwa upya, na mu 2023 Unesco iliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Munyonyo, kando ya ziwa, ndiko mashahidi walihukumiwa kufa. Afazali kufika siku mbili mbele: kiisha misa, kila mutu anatafuta gari.

Njiani Kasese lugha haisumbui, maana Lukonzo na Kinande ni ndugu. Karati ya chanjo ya homa ya manjano inaombwa. Saa pia: saa mbili ya Kasindi ni saa tatu ya Mpondwe.

Kazi ngumu ni Beni–Kasindi. Barabara ile imeshambuliwa mara nyingi. Mutu aulizie hali yake jioni, mbele ya kulipa tiketi.