Neno "Bepari" na Mafunzo ya Shakespeare katika Shule za Dar es Salaam

Mwaka 1953 Julius Nyerere, aliyekuwa amerejea kutoka Edinburgh mwaka uliotangulia na shahada yake ya M.A., alianza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, vilimani nje ya mji wa Dar es Salaam. Mwaka 1955 aliiacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa. Wengi huitazama miaka hiyo kama utangulizi wa habari za TANU tu. Kwa mtafiti wa lugha ina maana nyingine pia, kwani huyo aliyeiweka chini chaki ndiye aliyetupa, miaka minane baadaye, kitabu cha Julius Caezar.

Tafsiri hiyo ya 1963 haina vina, na mwanafunzi aliyezoea tenzi huistaajabia mpaka aisikie ikisomwa kwa sauti. Mwaka 1969 mfasiri aliisahihisha, na jina likawa Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi, na hapa ndipo penye kazi ngumu.

Jina la Kiingereza lataja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, aliyejitia katika deni la dukati 3,000 kwa ajili ya rafiki yake Bassanio. Si Shylock, ingawa wengi hudhani hivyo. Jina la Kiswahili lawataja wengi. Tena latumia neno lililotujia kutoka Bara Hindi, ambalo maana yake ya zamani ni mfanyabiashara, hasa aliye mkubwa, wala halikuwa tusi. Lakini Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa mwezi wa Februari 1967, na neno bepari likawa likisikika pamoja na kabaila, kupe na mnyonyaji. Msomaji wa 1969 aliposhika kitabu, hukumu ilikuwa juu ya jalada. Antonio, ambaye katika mchezo wa asili twamhurumia, amewekwa kundi moja na mdai wake. Yawezekana kusema kwamba mfasiri alichukua tu neno lililokuwa karibu. Mimi naona vigumu kuamini kwamba mtu aliyeliandika Azimio hakuusikia uzito wa neno hilo.

Mambo kama haya yangalifaa sana darasani, lakini tafsiri hizi hazina kwao. Katika shule za Kinondoni na Temeke, Shakespeare akitajwa huhesabiwa kuwa mali ya somo la Kiingereza. Somo la Kiswahili lina michezo yake. Chini ya mtaala wa 2005 wanafunzi walisoma Ngoswe ya Edwin Semzaba, Orodha ya Steve Reynolds na Kilio Chetu. Sina ugomvi na vitabu hivyo, na Ngoswe hasa huchezeka vizuri. Lakini mwalimu wa Kiingereza husema Mabepari ni Kiswahili, na mwenzake wa Kiswahili husema ni ya Mwingereza. Hata Chang'ombe, ambapo tangu 2005 pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, mwalimu mtarajiwa aweza kuyachukua masomo yote mawili bila ya kuyakutanisha.

Na hasara si ndogo. Katika mitaa ya Dar es Salaam siku hizi kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Kijana wa Temeke halihitaji kufafanuliwa. Sasa mpe onyesho la hukumu katika sehemu ya nne, pale Portia, aliyevaa mavazi ya mwanasheria, amruhusupo Shylock akate ratili yake ya nyama, ila asimwage hata tone moja la damu. Watatu wasimame mbele ya darasa walisome, na mwalimu asiwakatize kwa habari za fani na maudhui. Baadaye awaonyeshe jambo ambalo huwapita wengi: katika mkataba ule Shylock hakudai riba hata senti moja. Kisha awaulize, kama wao ndio wafasiri, wangeandika neno gani juu ya jalada.